Tafida na Mashimo ya Mfereji

Wifi yangu Tafida alikuwa akivua samaki kwa mkono mtupu. Hakuwa na nyavu, hakuwa na ndoana, mtumbwi ndio kabisa. Siku ambazo maji yamefungwa na mfereji umepungua, alikuwa akiteremka na gauni lake jeusi limekunjwa kiunoni juu ya suruali kuukuu ya marehemu mumewe, akitembea ndani ya maji ya mapajani, kifua kimegusana na ukingo. Mkono wa kulia aliuingiza katika mashimo yaliyo chini ya maji. Haoni kitu, anapapasa tu. Kisha bega linatikisika kidogo, na mkono unatoka na perege aliyebanwa matamvuani.

Ufundi huo alirithi kwa baba yake, naye hakuwa na mtoto wa kiume aliyeupenda. Mume wangu Mursi, kaka yake Tafida, alipendelea jembe. Wanawake wa Kafr Shalabi walimsema sana.

"Mwanamke gani anashinda majini kama nyati-maji?" aliuliza mmoja siku moja pale sokoni, makusudi asikike.

"Nyati wako anakula bure," Tafida akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu. "Mimi nawalisha. Unataka wangapi?"

Yule mama akanunua wanne.

Mimi nilikuwa mwenzake wa nchi kavu. Naogopa maji tangu utotoni, sijui kuogelea, na Tafida hakuwahi kuniacha nikasahau. Nilitembea juu ya ukingo na kikapu, yeye akinirushia samaki kutoka chini, nami nikiwadaka au nikiwakosa, naye akinitukana. Miaka kumi na minne tulifanya hivyo. Aliniambia mambo ya huko chini ambayo sikuyaona kwa macho. Perege ukimgusa anasimamisha miiba ya mgongoni, kwa hiyo mkono upitie kichwani kwanza. Kichwa cha kambare ni kama jiwe lililopakwa sabuni. Kaa wa mfereji, yule bapa wa rangi ya tope, anatulia kwanza, halafu anakubana mara moja na kukuachia, kukukumbusha tu kwamba nyumba ina mtu. Tafida alikuwa akimpisha. "Samahani, mwenye nyumba," alisema, na kuhamia shimo la pili.

Estakoza wa kwanza, yule kamba mkubwa mwenye magando, alikuja juu akiwa amening'inia kwenye kidole chake cha shahada. Ilikuwa majira ya kuvuna ngano. Nilipoona kile kitu chekundu, magamba mgongoni, mkia unaojikunja, mikono miwili ya nge, nilitupa kikapu.

"Nge! Tafida, nge wa maji!"

"Nge hakai majini, mjinga wee. Njoo unibandue."

Sikwenda. Alimpigiza kwenye jiwe mwenyewe, na damu ikawa inamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Tulimpelekea Ami Basyuni, mlinzi wa lango la maji, mzee aliyejua kila kinachopita mferejini, hata mbwa aliyekufa alijua ametoka kijiji gani. Alimgeuza kwa kijiti.

"Huyu si wa hapa," alisema. "Nasikia tajiri mmoja huko juu mtoni alimleta kutoka ng'ambo, amfuge auzie mahoteli. Bwawa likamshinda. Sasa anashuka na maji kama sisi sote."

"Anakula nini?" Tafida akauliza.

"Kila kitu, wanasema."

Sikumwamini. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa kwanza tulimwona mmoja mmoja. Mwaka wa tatu, katika mashimo kumi Tafida alikuta perege katika mawili, na katika manane walikuwamo wao. Vile vikamba vidogo vyeupe ambavyo watoto walikuwa wakivichota kwa ungo vikatoweka. Samaki wadogo walionekana wachache, kisha wachache zaidi. Kaa nao tulianza kuwakuta magamba matupu, yamefunguliwa kwa chini na kukombwa. Siku aliyokuta magamba matano katika shimo moja, Tafida alipanda juu kabla ya wakati wake, akakaa kando yangu, akiloa.

"Zamani nilikuwa najua nani yuko ndani," alisema. "Nikiuona mlango tu, najua. Sasa kila nyumba mwenyewe ni yule yule."

Na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa. Mkono wake ulikuwa umejaa makovu kuanzia kucha mpaka kwenye kifundo, na hayo hayakumshughulisha. Lakini alianza kusimama mbele ya shimo, mkono hewani, akisoma bismillahi mara mbili, mara tatu, kama mtu anayetaka kunywa dawa chungu. Wakati mwingine aliurudisha mkono bila kuuingiza na kujidai ameteleza. Tulikuwa tunataniana kwa kila kitu, lakini hilo sikuligusa.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilitutisha sote tulioishi chini ya ukingo. Estakoza hakai katika shimo alilolikuta. Analichimba liende mbele, anapinda, anakutana na la mwenzake. Njia ya juu ya ukingo ilianza kulia. Punda akipita unasikia mlio wa ngoma chini ya kwato. Mursi alikuwa akibeba mbolea siku moja, mguu wake ukazama hadi gotini, akaja nyumbani mweupe kama unga.

"Ndani ni patupu, Insaf," aliniambia. "Nimeingiza mpini wa jembe wote na sikugusa kitu."

Nyumba yetu iko hatua arobaini kutoka hapo, na mfereji ukijaa, maji yanakuwa juu kuliko dirisha letu. Ami Basyuni alipeleka habari kwa wakubwa wake. Wakamwambia asubiri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mwezi wa kupandikiza mpunga. Zamu ya maji ya upande wetu ilikuwa ianze saa nne asubuhi. Siku za nyuma Tafida hakuwahi kuteremka siku ya zamu, baba yake alimkataza kwa kiapo. Lakini siku tano mfululizo alikuwa ametoka na vijisamaki vya kumkaangia paka.

"Wifi, leo siyo siku," nilimwambia. "Saa nne Ami Basyuni anafungua."

"Saa nne bado mbali."

"Na jana ulisema mkono unauma."

"Unauma kwa njaa. Shika kikapu, acha kelele."

Akaenda mpaka kwenye kona, palipo na gurudumu la maji la zamani lililokwisha kuoza. Pale ukingo ni mrefu, na mashimo yako chini sana. Ilimbidi apige magoti ndani ya maji, maji yakamfika kifuani. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akatulia hivyo kwa muda. Halafu nikaona uso wake unabadilika, na ulikuwa uso wa furaha, ule wa miaka ya nyuma.

"Kambare," alinong'ona. "Mkubwa, Insaf. Namgusa mdomo."

Akasukuma mkono mpaka begani. Shavu lake likalala kwenye tope la ukingo.

Sikusikia kishindo. Nilisikia mvumo, kama gunia la mpunga linaloburutwa kwenye sakafu, na ardhi ikaondoka chini ya miguu yangu. Nilianguka chali upande wa mashambani. Nilipojiinua, ukingo ulikuwa umekatika kipande cha urefu wa kitanda, umeteremka na kukaa. Kilemba cha Tafida kilionekana. Uso wake ulionekana. Mgongo na bega la kulia havikuonekana, vilikuwa chini ya tope.

"Tafida!"

"Niko hai," alisema kwa sauti ndogo. "Siwezi kuinuka."

Sijui niliingiaje majini. Mimi ambaye nilikuwa naogopa hata kuosha sufuria pale nilijikuta ndani hadi tumboni, nimeshika kiuno cha wifi yangu, navuta.

"Usivute! Unanichana mkono, usivute!"

Nikaanza kufukua kwa vidole. Kila nilipotoa konzi mbili za tope, tatu ziliteremka kutoka juu. Na ndani ya tope walikuwamo wao. Nyumba zao zilikuwa zimevunjika nao walikuwa wakitoka wote, wadogo kama kucha na wakubwa kama kiganja, wakirudi nyuma nyuma, wakipiga mikia, wakipanda juu ya chochote kilichokuwa mbele yao. Walimpanda shingoni, wakaingia kwenye kilemba. Tafida, ambaye katika miaka yote sikuwahi kumsikia akipiga kelele, alipiga kelele.

"Watoe! Insaf, watoe shingoni!"

Niliwatoa. Walinibana, niliwatoa. Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto.

Ndipo akapita Hilali, jirani yetu, juu ya punda aliyebeba majani ya ng'ombe. Kwa mbali aliona vichwa viwili tu.

"Enhee! Leo mawifi wanaoga pamoja?"

"Hilali! Ukingo umemwangukia! Kimbia langoni, mwambie Ami Basyuni asifungue! Kisha mwite Mursi!"

Alitazama mara moja tu, akakata kamba ya mzigo kwa mundu, majani yakamwagika njiani, akampiga punda kwa visigino. Kutoka pale hadi langoni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa punda mvivu wa Hilali, Mungu ndiye ajuaye.

Tukabaki wawili. Nilifukua, nikapumzika, nikafukua. Jua lilikuwa limepanda kuliko nilivyotaka.

"Saa ngapi?" Tafida akauliza.

"Bado mapema."

"Unadanganya."

"Nadanganya," nikasema.

Halafu akasema, na mpaka leo sauti ile ninayo masikioni, "Wako huko ndani na mkono wangu. Nawasikia wanatembea. Wananijaribu vidole, kimoja kimoja."

"Vikunje."

"Havikunjiki. Insaf, mwanangu Rawya asijue kwamba nililia."

"Hulii. Ni maji hayo."

Maji yalikuwa yamesimama kama kioo. Kisha nikaona bua la ngano likipita mbele yetu, polepole, likifuatwa na mapovu na mfuko wa nailoni. Kila mtu wa kijijini kwetu anajua maana yake. Watoto huwa wanashangilia wakiona mapovu, kwa sababu zamu imeanza. Nilijiweka mbele ya uso wa Tafida asiyaone, lakini aliona.

"Wamefungua," alisema.

Maji yakawa ya baridi. Yakatoka kifuani yakaja kwenye mabega, yakaja kwenye koo. Niliacha kufukua. Niliweka kiganja chini ya kidevu chake nikakiinua, mkono mwingine nikaushika kisogo, nikawa nimekibeba kichwa chake kama kichwa cha kichanga kinachooshwa. Macho yake yalikuwa yananitazama bila kupepesa. Mimi nilisoma kila nilichokijua, nikachanganya sura na sura.

Baadaye tuliambiwa kwamba Hilali alifika wakati Ami Basyuni ameshaliinua lango. Mzee alilishusha palepale. Lakini maji yaliyokwisha kupita yalikuwa yameshapita, na hayarudishwi kwa kuitwa.

Mursi, ambaye Hilali alikuwa amempigia ukelele njiani, alikuja akikimbia na wanaume wanne, na majembe, na mlango wa zizi waliokuwa wameung'oa bawabani. Mmoja akainua jembe.

"Hapana jembe!" Mursi akapiga ukelele. "Utamfunika! Mikono! Wekeni mlango pale juu, zuieni!"

Wakausimamisha mlango dhidi ya tope, wawili wakaukandamiza kwa migongo. Mursi akavuta pumzi, akazama. Maji yalifika kwenye mdomo wa Tafida, akaufumba. Yakafika puani. Nilimlaza kichwa nyuma mpaka shingo ikakakamaa, zikabaki pua na macho. Wimbi dogo likampitia, akakohoa, likampitia tena. Mursi aliibuka, akazama. Aliibuka, akazama. Mara ya nne alimshika wifi yangu kwapani na kusema, "Sasa, sote pamoja, taratibu," wakamvuta, na safari hii akaja.

Wakati huo ndipo maji yalipoacha kupanda. Hilali angewahi langoni dakika tano mapema, tungeokoka na yote hayo. Angechelewa dakika tano zaidi, sipendi kufikiri.

Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, na ngozi ya kiganja imetafunwatafunwa. Kwenye kidole kidogo alikuwapo mmoja bado ameng'ang'ania. Mursi alimbandua, akamweka juu ya jiwe, akampiga kwa mpini wa jembe. Alimpiga mpaka pakawa hapana kitu juu ya jiwe, na hakuacha kupiga. Wenzake walimshika.

Huko hospitalini, mjini Damanhur, walimfunga plasta. Mifupa iliunga. Vidole vitatu vilirudi kufanya kazi, viwili vimebaki vimenyooka.

Lakini woga ulikuwa umeingia ndani ya mkono wenyewe, na hapo madaktari hawakufika. Tafida hakuweza tena kuingiza mkono mahali asipopaona. Alishindwa kuchota unga ndani ya gunia, Rawya akawa anamchotea. Hakuweza kutoa mayai chini ya kuku. Nilimkuta mara moja amesimama mbele ya banda, jasho linamtiririka, kuku anamtazama.

"Ni kuku tu, wifi," nikamwambia, nikacheka.

Hakucheka. "Mwambie mkono," alisema.

Nikaona aibu, nikayatoa mayai mwenyewe.

Na si yeye peke yake. Wanaume walikaa chini wakafikiri: ukingo ule ungekatika mfereji ukiwa umejaa, nyumba kumi na moja zingeamka na maji darini. Safari hii wakubwa hawakusema tusubiri. Waliletwa watu wa kushindilia udongo na mawe. Mwaka uliofuata mashimo yalikuwa yamerudi kandokando ya mawe. Mursi alihamishia magunia ya mpunga na jiko letu kwenye chumba cha juu, na kila zamu ikianza, alitembea ukingoni kuanzia mwanzo hadi mwisho akisikiliza chini ya miguu. Mimi nilibaki mlangoni nikimtazama mpaka arudi. Sikupika mpaka arudi.

Wafanyabiashara nao walikuja, wakaanza kununua estakoza kwa ajili ya watu wa mjini. Hilali akaweka vizimba vya waya, akapata chochote. Walimfuata Tafida, maana hakuna aliyeyajua mashimo kama yeye.

"Utuonyeshe tu, usiguse," Hilali alimbembeleza.

"Kila penye shimo wapo," akamjibu. "Unataka nikuonyeshe nini?"

Akawa anauza jibini ya chumvi na mboga za majani, akikaa sehemu ile ile ya soko. Wateja wa zamani walimuuliza perege. Aliwaelekeza kwa mwenye mabwawa ya kufuga.

Mwaka juzi zilikuja mashine, zikasawazisha mfereji wetu na kuufunika mawe na saruji, pande zote mbili, kutoka langoni hadi mwisho wa mashamba. Mursi alilala usingizi mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilimwambia Tafida twende tukatazame. Alikataa wiki nzima. Siku ya nane alivaa viatu.

Tulifika mpaka kwenye kona, ingawa gurudumu lilikuwa limeondolewa na kona yenyewe imenyooshwa. Alisimama mbali kidogo na maji, mkono wa kulia ameuficha kwapani.

"Hakuna shimo hata moja," alisema.

"Hakuna."

"Hata la kaa."

"Hata la kaa, wifi."

Alitazama kwa muda mrefu yale maji yaliyopita katikati ya saruji kama maji ya mtaro. Nilidhani atalia, au atafurahi. Nilisikia tu anavuta pumzi haraka haraka, kama zile siku alizokuwa akisimama mbele ya shimo na mkono hewani.

"Twende nyumbani," alisema. "Hapa sipajui."

Tukageuka. Alinishika mkono akanihamisha, yeye akawa upande wa mashambani, mimi upande wa maji.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Wewe mnene," alisema. "Ukianguka utaelea."